Kereng'ende wekundu wa Moshi: angalia miguu kabla ya rangi

Jumamosi moja nilikuwa nimechuchumaa pembeni ya mfereji kule Mabogini, chini kidogo ya mji wa Moshi, majaruba ya mpunga yamejaa maji, kereng'ende wekundu wamekaa kila kijiti, na mimi nampigia picha mmoja huku kichwani nimeshamaliza kwamba huyu ni yuleyule wa jana na wa juzi na wa mwaka jana. Mtoto wa dada yangu alikuwa amenisindikiza. Akainama, akakaa kimya kidogo, afu akaniuliza, "Mjomba, mbona huyu miguu yake nyekundu na yule pale ana miguu nyeusi?"

Nikamwambia ni kivuli tu. Haikuwa kivuli. Usiku nilifungua picha zangu zote kwenye simu nikazivuta moja moja, nikakuta wale niliowaita mdudu mmoja kwa miaka miwili ni wadudu tofauti kabisa, na picha nyingi nilishindwa hata kuziokoa maana nilipiga mgongo tu, miguu haionekani. Iliniuma kweli. Ndo maana naandika hapa kila kitu ninachokifanya sa hivi, ili we usipoteze msimu mzima kama mimi.

Tukubaliane jambo moja kabla hatujaenda mbali: rangi ndo kitu cha mwisho kuangalia. Kereng'ende dume akishatoka majini hazaliwi mwekundu, anakuwa wa njano njano kama jike, afu anaiva taratibu kwa siku kadhaa kama nyanya, kwa hiyo mdudu mmoja unaweza kumkuta njano, chungwa, wekundu wa matofali na wekundu wa damu, wote aina ileile. Na aina nne tofauti zikiiva zote zinakuwa nyekundu. Ukitegemea rangi utachanganyikiwa pande zote mbili.

Kwanza hakikisha ni kereng'ende mwenyewe ninayemzungumzia, sio wale ndugu zake wembamba kama sindano. Wembamba wengi wakitua wanakunja mabawa juu ya mgongo, na macho yao yamekaa mbalimbali, moja huku moja kule. Hawa wetu wanene wanatua mabawa yakiwa yametandazwa, na macho yao makubwa yanagusana au karibu yanagusana juu ya kichwa. Wote ni wawindaji, wote watoto wao wanakulia majini wakila viluwiluwi vya mbu na vidudu vingine, ila leo wembamba tuwaache.

Muda wa kwenda: jua likishachangamka, kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri hivi. Asubuhi sana wamepoa, wamejificha kwenye majani, na siku ya mawingu mazito unaweza kurudi mikono mitupu. Saa sita utawaona wananyanyua mkia juu kabisa, umenyooka kulielekea jua, wengine wanasema anatishia kuuma. Hapana. Anapunguza sehemu ya mwili inayopigwa na jua ili asiive kwa joto. Wekundu karibu wote wanafanya hivyo kwa hiyo isikusaidie kumtambua, furahia tu kuangalia. Na kereng'ende hana mwiba jamani, zile koleo ndogo mwisho wa mkia wa dume ni za kumshikia jike shingoni wakati wa kupandana, mtoto asiogopeshwe bure.

Simu ya kawaida inatosha. Siri ni kwamba dume ana kijiti chake, ukimfukuza anazunguka anarudi palepale, mara nyingi ndani ya dakika moja, kwa hiyo usimkimbilie, kaa karibu na kijiti umsubiri. Macho yake yameundwa na vijicho vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, anaona karibu pande zote, ila kinachomshtua zaidi ni kitu kinachosogea ghafla na kivuli kinachompitia. Sogea chini chini, polepole, jua likiwa mbele yako kidogo au pembeni ili kivuli chako kisimfikie. Piga picha tatu: ya ubavuni, ya juu, na moja ya karibu ya mabawa. Ukiwa na nafasi ya moja tu, chagua ya ubavuni. Ya ubavuni inakupa miguu na mwisho wa mkia kwa pamoja, ya juu inakupa uzuri wa kupeleka status tu.

Haya, sasa wenyewe. Majina ya Kiswahili kwa kila aina hatuna, sisi tunasema kereng'ende basi, kwa hiyo natumia majina yangu ya nyumbani na nakutajia lile la kisayansi ili ukitafuta picha mtandaoni uzipate.

Wawili wanaochanganya watu kuliko wote pale majarubani ni yule ninayemwita mwekundu mwembamba, Trithemis arteriosa, na mwekundu bapa, Crocothemis erythraea. Wanakaa maji yaleyale, wakati mwingine vijiti viwili vinavyofuatana, ukubwa haupishani sana, bapa anamzidi mwenzie kidogo. Anza na miguu kama yule kijana alivyofanya. Mwembamba ana miguu myeusi. Bapa miguu yake inaelekea wekundu au hudhurungi, yaani kama rangi iliendelea kushuka kutoka mwilini haikusimama. Kwenye jua kali mguu wa mbele unaweza kung'aa ukakudanganya, angalia ya nyuma, ile mirefu inayoshika kijiti.

Afu nenda mwisho wa mkia. Mkia wa kereng'ende una pingili 10 kama muwa, hesabu kutoka kiunoni. Kwa mwembamba, pingili za mwisho, kuanzia ya saba hivi kwenda ya kumi, zina weusi pembeni, umekaa kama kabari kila ubavu, na ukimwona kwa mbali mkia unaonekana kama umechovywa masizi kwenye ncha. Bapa hana hiyo kitu, mkia wake ni mwekundu mpaka mwisho, labda mstari mwembamba wa giza juu ya uti. Na umbo lenyewe: mkia wa mwembamba ni mwembamba kweli, kama kalamu, wa bapa umepanuka na kubonyezwa kutoka juu, ukimwangalia kwa juu ni kama jani refu la mchaichai lililokatwa.

Tatu ni mabawa, na hapa jina lenyewe linakusaidia. Arteriosa limetoka kwenye ateri, mishipa ya damu. Mwembamba aliyeiva, mishipa ya mabawa yake ni myekundu, hasa upande wa mbele na huku karibu na mwili, bawa zima linaonekana kama jicho la mtu aliyekesha. Bapa mishipa yake mingi ni ya giza, wekundu unaupata pale ukingo wa mbele tu. Wote wawili wana doa la rangi ya asali shinani mwa bawa la nyuma, kwa hiyo doa hilo peke yake lisikufanye uamue. Kitu kingine kidogo ila kizuri: karibu na ncha ya kila bawa, ukingo wa mbele, kuna kidoa kirefu kama mtu ameweka kipande cha utepe. Kwa bapa kidoa hicho ni kirefu na cha njano ya kahawia, kwa mwembamba ni cha giza. Picha ikiwa imefokasi vizuri unakiona hata mdudu akiwa mita mbili.

Nilishawahi kusikia kwamba ukimwona anatua halafu anasukuma mabawa mbele na chini kwa awamu, chap, chap, chap, basi ni Trithemis, yaani jamii ya yule mwembamba. Ni kweli Trithemis wanafanya hivyo sana, lakini bapa naye akikaa muda mrefu anayashusha mabawa yake mbele. Mi siitumii kama ushahidi, naitumia kama kengele tu ya kuniambia niangalie vizuri.

Sasa toka majarubani panda juu kidogo, njoo mitoni, Karanga au Rau, mahali maji yanapita kwenye mawe na jua linapiga. Pale utakuta mwekundu anayeelekea chungwa, amekaa juu ya jiwe tupu lenye joto, sio kwenye kijiti. Huyu ni Trithemis kirbyi na kwa kweli ndiye rahisi kuliko wote, mabawa yake yote manne yana doa kubwa la chungwa kuanzia shinani, linaenda mbali mpaka karibu na kile kifundo kilichopo katikati ya ukingo wa mbele wa bawa. Sio kidoa cha asali cha bawa la nyuma kama wale wawili, hili ni doa kubwa na liko mbele na nyuma. Akiruka kwenye mwanga unaona kama amebeba makaa. Anapenda mahali peupe pasipo na majani, vidimbwi vya mvua, kingo za saruji, hata tanki la maji la wazi linamtosha, na hiyo tabia ya kutochagua imempeleka mbali, mwaka 2007 alionekana Hispania kwa mara ya kwanza na sa hivi yuko huko anazaliana. Mdudu wa Afrika amevuka kwenda Ulaya bila viza. Ukiona nyumba inajengwa na kuna shimo limejaa maji wiki kadhaa, pita ukachungulie.

Wa nne ananipa shida zaidi, Trithemis annulata. Namwita zambarau, maana dume aliyeiva anapata kama unga wa zambarau juu ya wekundu wake, kama lile vumbi unalolifuta kwenye zabibu. Kwenye mwanga mzuri humkosi, anaonekana wa pinki iliyokolea, rangi ambayo hakuna mwekundu mwingine hapa anayo. Tatizo ni mwanga ukiwa mbaya au simu yako ikijirekebisha rangi yenyewe, unapata picha ya mdudu mwekundu tu mwenye mishipa myekundu na miguu myeusi, na unamwandika mwembamba. Hapo rudi kwenye umbo: mkia wa zambarau ni mpana kuliko wa mwembamba, japo haufikii ule ubapa wa Crocothemis, na weusi wa ncha ya mkia ni mchache na uko juu zaidi, haukai kama kabari kubwa za ubavuni. Kwa hiyo nikiwa na mwekundu mwenye miguu myeusi najiuliza swali moja tu, je, kabari nyeusi ubavuni zipo? Zikiwepo wazi ni mwembamba. Zisipokuwepo naanza kumfikiria zambarau, na nazima ile setingi ya kupendezesha rangi kwenye simu nampiga tena.

Halafu kuna yule ambaye si wa kundi la hawa wekundu ila kila mwaka naletewa picha zake nikiambiwa nimwone mwekundu mpya. Mvua za vuli zikianza, mwezi wa kumi na moja hivi, unakuta kundi zima linazunguka juu ya uwanja wa mpira au juu ya barabara, mamia, hawatui, wanakwenda na kurudi kwenye kimo cha kichwa cha mtu. Wa njano ya dhahabu, dume anapata wekundu kidogo juu ya mkia. Huyo ni Pantala flavescens. Ukimpata ametua, angalia anavyokaa: ananing'inia wima, mkia chini, kama nguo kwenye kamba, wakati wale wote wanne wanakaa juu ya kitu. Bawa lake la nyuma ni pana sana shinani, ndo linalombeba kwenye upepo. Na ana haki ya kuwa na bawa kama lile. Mwaka 2009 mtafiti Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi na kuwaona wakifika kule kila mwaka wakati kisiwani hakuna maji ya maana ya kuzalia, aliandika kwamba hawa wanavuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka Afrika Mashariki wakifuata mvua, na safari nzima ya kwenda na kurudi, vizazi kadhaa vikipokezana, inafika kilomita 14,000 hadi 18,000. Huku wanataga kwenye vidimbwi vya mvua, na watoto wao wanakua haraka haraka, wiki sita tu zinaweza kutosha, kwa sababu dimbwi halisubiri. Mi nikiwaona wanazunguka juu ya watoto wanaocheza mpira, siwezi kuendelea na ninachofanya, nasimama.

Tuje kwenye majike na vijana, maana ukweli ni kwamba nusu ya unaowakuta sio madume mekundu. Kwanza jua kama ni dume kijana au jike. Mwangalie ubavuni, chini ya mkia pale karibu na kiuno, pingili ya pili. Dume ana kinundu kidogo kimetokeza kwa chini, jike pamenyooka. Ukiona njano na kinundu kipo, huyo ni dume hajaiva, na zile alama za miguu na kabari zinaanza kuonekana hata kabla ya wekundu kwa hiyo zitumie. Kwa majike, wa bapa ndo ananifurahisha, ni wa kahawia njano hana mapambo mengi, ila mgongoni, katikati kabisa ya mashina ya mabawa, ana mstari mweupe kama mtu amepitisha chaki. Mpige kwa juu utauona. Huyu ndo pekee ninayekuruhusu umpige kwa juu kwanza! Jike la mwembamba lina miguu myeusi na weusi unaotembea ubavuni mwa mkia kwenye njano. Jike la kirbyi bado lina lile doa la mabawa, limefifia kidogo ila lipo. Jike la zambarau na la mwembamba nikiwa na picha mbaya siyatenganishi, nasema wazi, naandika Trithemis naishia hapo.

Wa bluu nao mtaniuliza, kwa sababu mtoni wamejaa. Wengi ni wa jamii ya Orthetrum na ule ubluu ni unga tu unaokuja juu ya mwili dume anavyokomaa, chini yake ni kahawia. Ukimwona ubavuni mwa kifua ana mstari mweupe uliopakana na weusi, na mkia umebanwa kama kiuno cha nyigu karibu na mwanzo, huyo ni Orthetrum chrysostigma, anapenda jua. Mnene wa giza zaidi anayekaa vijito vyenye kivuli mara nyingi ni Orthetrum julia. Zaidi ya hapo wa bluu wanatenganishwa kwa kuangalia kile kinundu cha chini kwa lenzi ya kukuza, na hiyo ni kazi nyingine kabisa inataka mada yake.

Kwa nini nahangaika hivi wakati wote wanakula mbu? Kwa sababu wakishakuwa na majina ndo wanaanza kukueleza habari za maji. Afrika Kusini wana mfumo wao wanaompa kila kereng'ende alama kuanzia 0 mpaka 9, wa kila mahali anapata alama ndogo, mchaguzi wa maji anapata kubwa, unajumlisha wale uliowakuta kwenye mto unajua mto umechoka kiasi gani. Mwembamba na bapa ni wavumilivu, utawakuta hata kwenye mfereji unaopita nyuma ya soko. Lakini panda juu ya Rau penye miti na maji baridi yanayokimbia, tafuta mmoja wa wale wembamba kama sindano, Platycypha caligata, dume ana miguu iliyopanuka kama kasia, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, anapotaka jike anaruka mbele yake akiitikisa ile miguu kama mtu anayepunga vitambaa viwili. Niliwahi kumwona mahali fulani juu ya daraja, kwenye mzizi wa mti uliozama majini, jike amekaa kwenye gogo linalooza na dume anacheza sentimita chache tu mbele ya uso wake. Miti ya ukingo ule ilikatwa. Nimerudi mara nne, mwekundu mwembamba yupo, huyo hayupo. Kama ningekuwa naandika "kereng'ende" tu kwenye daftari nisingejua kwamba kuna aliyeondoka.

Kuandika basi. Mi nina daftari dogo la shule, kila nikitoka naandika tarehe, saa, mahali, maji ya aina gani, yanatembea au yametuama, jaruba limepuliziwa dawa au bado (waulize wenye shamba kwa heshima, "shikamoo mama, dawa mmepiga lini?", na wenyewe wakijua unatafuta nini wanakuonyesha sehemu nzuri kuliko ulizozijua), afu mdudu mwenyewe kwa mpangilio huohuo kila siku: miguu, ncha ya mkia, mabawa, kidoa cha ncha ya bawa, alikaaje, rangi. Rangi mwisho kabisa. Ukiizoea hiyo orodha mkono unaiandika wenyewe, na siku ukikutana na mmoja ambaye hayumo kwenye hawa niliowataja, utakuwa na alama zake zote tayari za kumuuliza mtu anayejua.

Na picha isiyo na miguu wala ncha ya mkia usiilazimishe jina. Andika "mwekundu, hajulikani, Mabogini, kijiti cha tatu kutoka kwenye geti la maji", afu kesho yake saa nne rudi kwenye kijiti hichohicho. Kama jua lipo na ni dume mwenye eneo lake, uwezekano mkubwa utamkuta.